Mama Mkwe Kwenye Mlango wa Maji

Jana mlipita uani kwangu na majembe begani, mkaniambia mnataka kuziba kijito cha bondeni mpate samaki, na mahali pa kuogelea siku za Jumapili. Mmoja wenu akacheka: "Babu, wanasema weye ulilipwa na Wabelgiji juu ya kuangalia majani tu." Ni kweli. Nililipwa miaka mingi kwa kuangalia majani, na kama ningeyaangalia vibaya, baadhi ya bibi na babu zenu wasingeishi kuwazaa wazazi wenu. Kaeni basi. Nitasema kama ninavyokumbuka, bila kufuata miaka, maana miaka imeshachanganyika kichwani kama mchele na pumba.

Bwawa nililolichunga lilikuwa hapa hapa upande wa Lusangi, ukishika njia ya Kabambare. Maji yalizuiwa na tuta la udongo mtupu. Hapakuwa na saruji wala chuma, isipokuwa bomba moja lililopita chini ya tuta kupeleka maji mashambani. Serikali ya wakati ule ilitaka mpunga, ikataka na samaki wa kufuga. Sitawadanganya kwamba siku zile zilikuwa asali. Kodi ilikuwa kodi, na aliyekataa shamba la amri alifungwa. Lakini lile bwawa nililipenda, na hata leo nikiliwaza moyo wangu unatulia.

Aliyelipima na kulichora alikuwa agronomi Mbelgiji, bwana shamba wa serikali. Tulimwita Bwana Matope, kwa sababu hakuwahi kurudi nyumbani na viatu safi. Alikuwa mkali wa sauti, lakini kazi yake aliijua. Chini yake kulikuwa na msimamizi wetu, Kapita Kalonda, Mbangubangu wa hapa hapa, mtu mfupi mwenye sauti iliyofika ng'ambo kabla yake. Kalonda alijifunza kwa Bwana Matope, na mimi nikajifunza kwa Kalonda.

Nilifika kwake kijana, natoka Kasongo mjini, mtoto wa wauza nguo, nimevaa makubadhi mapya niliyoyaonea fahari sana. Asubuhi ya kwanza mvua ilikuwa imekatika punde. Kalonda akayatazama makubadhi yangu kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa.

"Viatu iko ya musikiti," akasema. "Huku tunasikia kwa nyayo. Vua."

Nikavua. Akanipitisha chini ya tuta, upande mkavu, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyayo zinajua mahali penye ubaridi ambapo macho yanaona majani tu. Kila palipolowa alichuchumaa, akachota maji kiganjani, akayaangalia kwenye mwanga.

"Maji ikitoka safi, ile ni jasho," akaniambia. "Tuta linatoka jasho kama mutu wa kazi. Unaangalia tu. Ikitoka na matope, ile ni damu. Hapo unakimbia kuniita, hata kama niko nakula."

Mkumbuke hilo kuliko yote nitakayosema. Maji yenye matope yanabeba tumbo la tuta. Leo ni tundu la kidole, kesho mtoto anapita, keshokutwa hamna tuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hata huko kuziba kuna namna yake. Nilipoiona damu mara ya kwanza, nilijiona fundi, nikachukua udongo wa mfinyanzi nikaushindilia pale palipotoka maji. Kesho yake yalitoka mahali pawili. Kalonda alicheka hadi akakaa chini. "Umefunga mudomo," akasema, "sasa inasemea puani." Kisha akanionyesha: unafungua bomba maji ya bwawa yapungue, halafu pale panapotoka unaweka mchanga, juu ya mchanga unaweka changarawe, juu yake mawe. Maji yanapata njia ya kutoka, udongo unabaki ndani. Niliona ajabu, dawa ya kuvuja kuwa ni kuacha pavuje vizuri.

Halafu kuna miti. Watu wetu wanapenda kivuli, sina ubishi. Sikukuu moja walipanda juu ya tuta, wakachomeka nguzo mbichi, wakaezeka majani ya mgazi, yaani mchikichi, wakala, wakacheza ngoma, wakaenda zao. Nguzo zikabaki. Nanyi mnajua miti yetu ya uzio, ukichomeka fimbo leo, baada ya mvua mbili ina majani. Kila mtu akafurahi: tazameni, tuta limeota vivuli! Kalonda akaja na panga akazing'oa zote, changa kabisa, na wanawake wakamwimbia wimbo wa mtu mwenye roho mbaya anayechukia vivuli. Aliucheza huo wimbo huku anang'oa. Mzizi ukiingia ndani ya tuta ni ubaya, ukifa na kuoza ni ubaya zaidi, maana unaacha bomba ambalo hamkulichimba. Juu ya tuta muoteshe nyasi fupi, basi. Mzikate. Kaa wa mtoni, panya na mchwa wakichimba, mtawaona kwa sababu nyasi ni fupi. Hayo ndiyo majani niliyolipwa kuyaangalia.

Na ng'ombe msiwapitishe juu. Wanachimba njia kwa kwato, na mahali pale tuta linakuwa fupi kuliko kwingine. Maji hayatafuti mahali palipo parefu.

Sasa starehe, maana najua ndiyo inayowawasha. Jumapili watu wa misa walikuja na mikate yao ya mihogo, na jioni ya Idi tulijaa sisi wa kanzu. Tulishindana kwa vyelezo vya migomba. Wavulana walicheza mpira kwenye uwanja uliokuwa chini ya tuta, mahali pazuri, tambarare, pa majani laini. Mimi sikuwahi kuutazama mpira ule kwa raha. Nilikuwa napiga hesabu ya maji yaliyokuwa juu ya vichwa vyao.

Waogeleaji niliwafungia kamba upande wa kina kifupi, mbali na mdomo wa bomba. Siku moja alikuja karani kutoka Kabambare, mtu wa suti na mafuta ya nywele. Nikamwambia asivuke kamba, bomba liko wazi, linavuta. Akaniuliza nimesoma darasa gani. Akavuka. Punde tukasikia ukelele, bwana mkubwa ameukumbatia mti wa alama, ule tuliousimika majini kupimia kina, kwa mikono miwili, na bomba limemshika kaptula. Tulimvuta wanaume kadhaa. Yeye alitoka, kaptula haikutoka. Ilitokea upande wa pili, mbele ya wanawake waliokuwa wanafua, wakaiokota na kukisifu kitambaa chake. Alirudi Kabambare amejifunga majani ya mgomba. Tulicheka, lakini mimi nilijua kwamba kama angevutwa kwa mguu, tungekuwa na maziko. Mkifungua bomba, watu wote watoke majini kwanza. Hata wenye suti.

Lakini kitu kinachoua bwawa la udongo kuliko vyote ni maji kupita juu ya tuta. Kwa hiyo pembeni, kwenye kilima, tulichimba mfereji mpana tuliouita mlango. Bwawa likijaa, maji ya ziada yanatokea pale, yanazunguka kilima, yanarudi kijitoni mbali kabisa na uwanja. Mlango ukiwa wazi, wewe unalala usingizi. Mlango ukizibwa, maji yanapanda juu ya tuta, yanalikata kama kisu kwenye ugali.

Na nani atakayeziba mlango? Mtasema adui. Hapana. Ni mashangazi zenu. Mvua ikinyesha samaki wanakimbilia mlangoni, na mwanamke wa huku akiona samaki wanapita mahali pembamba, mikono yake inajua la kufanya. Anasuka uzio wa vijiti, anajaza majani na udongo katikati, anaacha matundu machache, na katika kila tundu anaweka mgono, kile kikapu kirefu samaki anachoingia bila kutoka. Kazi safi. Nimeona nyumba za watu zisizosukwa vizuri vile.

Aliyewashinda wote kwa migono alikuwa Mama Feza. Na Mama Feza alikuwa mama wa Zaina.

Hapa lazima nieleze. Zaina nilimwona kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Kapita Kalonda, kwa sababu Kalonda alikuwa amemwoa dada yake mkubwa, Feza. Alikuwa anapepeta mchele, na alinicheka jinsi nilivyokaa kwenye kigoda. Sikupona. Mjomba wangu akaja toka Kasongo, posa ikapokelewa, nikapeleka kitenge na jembe kama desturi ya kwao ilivyotaka. Ikabaki ndoa.

Sisi wa Kasongo mjini mama mkwe tunamheshimu, tunamsalimia kwa kuinama, tunapita. Kwa watu wa Zaina ilikuwa jambo jingine. Mkwe mume na mama mkwe hawatazamani. Akija njiani unaingia msituni. Humtamki jina, huli mbele yake, na kumgusa hata ukucha ni aibu ya kuvunja posa. Ikiwa kuna neno la lazima, mnapitishia kwa mtu mwingine, na kama hayupo mtu, mnapitishia kwa chochote kilichopo. Nimesikia Mama Feza akimwambia kuku wake mbele yangu, "Eh kuku, uambie ile mutu mbuzi yake iko kwa mihogo yangu." Nami nikamjibu kuku kwa adabu.

Ikafika Idi moja, katikati ya masika. Bwana Matope alikuwa amekwenda Kabambare kwa kazi. Watu walijaa uwanjani kwa mpira, wengine juu ya tuta kwa ngoma. Mimi nilikuwa na kanzu nyeupe. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani tangu asubuhi, kwetu ni manyunyu tu, ndiyo maana hakuna aliyejali. Mchana nikautazama mti wa alama, nikaona maji yamepita alama nyekundu na bado yanapanda. Nikashangaa, kwa sababu mlango ulikuwa mpana wa kutosha. Nikakimbia kwenda kuuona.

Mlango ulikuwa na uzio toka ukingo hadi ukingo. Umesukwa, umesiribwa, umejaa migono. Wanawake kadhaa walikuwa ndani ya maji, na katikati yao Mama Feza, nguo ameikunja juu ya magoti, anacheka, samaki wanaruka. Mimi nikageuka haraka, nikaziba macho kwa kofia.

Nikarudi kwa Kalonda. "Wafukuze watu kwenye tuta na uwanjani," nikamwambia. "Mlango umezibwa. Na ni mama mkwe."

Kalonda akarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa sijawahi kumwona akirudi nyuma. Alikuwa mkwe wake vilevile, kama mimi.

"Mi nitatosha watu, watoke wote kwa tuta," akasema. "Weye enda kufungua mulango."

"Kapita, wewe ndiye mkubwa."

"Mi niko na watoto na binti yake. Nikimufedhehesha, watoto yangu watakosa bibi. Weye unakosa muke tu. Wanawake wako wengi."

"Hakuna wengi," nikamwambia. "Yuko mmoja."

Akanitazama, akaniwekea mkono begani, kisha akaenda kwenye ngoma akapaza ile sauti yake. Nami nikachukua panga, nikaenda mlangoni. Wanawake wengine waliposikia sauti ya Kalonda walitoka wakipiga kelele. Mama Feza hakutoka. Uzio ulikuwa wake, na samaki wakubwa ndio kwanza walikuwa wanaanza kuja.

Nikaingia majini kinyumenyume, mgongo kwake, kanzu imeelea kama mwavuli. Hapakuwa na mtu wa kumpitishia neno. Nikasema na maji.

"Eh maji, mwambie mama atoke. Tuta iko karibu kuvunjika."

Nyuma yangu nikasikia, "Eh maji, uambie ile mutu mi nilianza kuvua mbele babake hajazaliwa. Samaki haijaingia yote."

"Eh maji, watoto wako uwanjani!"

"Eh maji, mbona ile mutu anapiga kelele mbele ya mukwe? Kasongo hawafundishe adabu?"

Nikautazama ukingo wa tuta. Pale ng'ombe walipopita, maji yalikuwa yamebakiza kiganja. Uwanjani watu walikuwa wanakimbia, lakini wazee na watoto walikuwa bado chini. Mgongoni kwangu nikasikia uzio unalia, ule mlio wa vijiti vinavyoelemewa. Ungevunjika wenyewe, ungeondoka naye.

Niliogopa, wanangu. Sikuogopa maji. Niliogopa kwamba nikigeuka, Zaina ameniponyoka.

Nikageuka. Nikamtazama Mama Feza usoni, mara ya kwanza, na yeye akanitazama, mdomo wazi. Nikamshika mkono kwa nguvu, nikamvuta hadi ukingoni huku ananipiga kwa mgono mgongoni. Kisha nikakata vijiti vya katikati kwa panga, nikaruka. Uzio wote ukaondoka kwa mshindo, migono, samaki, na kofia yangu. Maji yakazunguka kilima yakinguruma, na kwenye mti wa alama yakaanza kushuka. Tuta likabaki. Kalonda alipiga takbira, na Wakristo wakaitikia.

Mama Feza alikunjua nguo yake, akaenda zake bila neno, wala kwangu wala kwa maji.

Kesho yake kitenge na jembe vikarudishwa mlangoni kwangu. Sikuhitaji kuelezwa. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo nilivyojiambia, nikakaa juu ya kitanda nikalia kama mtoto. Bwana Matope aliporudi alinisifu mbele ya wafanyakazi wote, akanipa koti lake la mvua. Ningelibadilisha koti lile kwa kucheka kumoja kwa Zaina.

Mjomba hakukubali yaishe hivyo. Akaomba baraza. Tukaenda nyumbani kwa baba yake Zaina na mbuzi wa kuomba radhi, tukaketi mkekani. Wanaume walikuwa sebuleni. Mama Feza, kwa desturi, alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia la mkeka, hatumwoni. Kalonda alisema alichokiona. Baba mkwe alisikiliza, akatikisa kichwa: maisha ya watu ni makubwa, lakini aibu ya mke wake nayo si ndogo. Ndipo shangazi yake Zaina, mama mkali wa kilemba cheusi aliyekaa nasi sebuleni, akaniuliza mimi mwenyewe.

"Kijana, mvua ile irudi kesho. Mama mukwe wako iko ndani ya mulango, anakatala kutoka. Utafanya je?"

Mjomba akanifinya paja. Nilijua jibu walilolitaka. Ningesema, nitamwita mtu mwingine, sitamgusa tena. Ilikuwa rahisi, na hakuna ambaye angenipima. Nikamfikiria Zaina, ambaye bila shaka alikuwa huko ndani vilevile, anasikiliza.

"Nitamtoa tena," nikasema. "Nitaomba radhi kabla, na nitaomba radhi baada. Lakini nitamtoa."

Mjomba akaziba uso kwa viganja. Shangazi akavuta pumzi. Baba mkwe akaanza kuinuka, na kwetu mwenye nyumba akiinuka, baraza limekwisha.

Ndipo sauti ya Mama Feza ikatoka nyuma ya mkeka. Haikuwa kwa kuku, wala kwa maji.

"Ukae, baba Zaina. Ile mutoto wako anaogopa maji tangu alipokuwa mudogo, hata mvua ya mapaa inamutetemesha. Mumupeleke kwa mutu mwenye kuichunga maji."

Tulioana kabla ya mpunga kuvunwa. Siku nilipomchukua, njia ilipita juu ya tuta. Zaina alifumba macho, akashika koti la Bwana Matope nililokuwa nimevaa, na mimi nikatembea polepole, pekupeku, nikimwambia kila hatua palivyo chini yetu: hapa ni pakavu, hapa ni pakavu, na hapa pia.